Muline ya Tata Ntambwe

Kolwezi, 9 Septemba 2023

Moyo kwako, yaya Lucien, kaka yangu.

Ninakusalimu wewe, mkeo mama Naomie na mtoto wenu Jémima. Majina yao nimepewa na Hénock, na jana nimeshinda nikiyarudia mdomoni huku nikipika sombe, ili niyazoee. Sisi huku tuko. Mume wangu Elisée bado anaendesha mashine kubwa mgodini. Akirudi nyumbani vumbi lake tunalikuta mpaka ndani ya chumvi. Mi bado nafundisha darasa la tatu, watoto sabini na wawili kwa madawati ishirini. Shangazi Kabemba alivunjika jino kwa hindi la kuchoma, na anatulaumu sote kana kwamba tulilichoma kwa mpango. Tata, baba yetu, tulimhamishia kwetu tangu Pasaka, chumba cha mbele, asikae peke yake. Anachoka upesi, lakini ni umri tu. Miaka sabini na minne si mchezo.

Barua hii inakujia na Hénock, yule mtoto wa jirani zetu wa Nzilo, ambaye siku hizi ana kamiyo, lori la kubeba makala, makaa ya kupikia. Ndiye aliyeniambia kwamba uko Mutshatsha. Yaya, miaka sita tumekutafuta mpaka Kasumbalesa, tumeuliza Likasi, tumeuliza Tenke, kumbe uko mwendo wa siku moja. Sitakuuliza kwa nini. Nilimbana Hénock anipe nambari yako ya simu, akaapa kwamba hana. Basi naandika, kama wazee.

Shida yangu ni ndogo. Unaikumbuka muline ya Tata, lile gurudumu la kukunjia uzi wa kuvulia, ambalo Enjinia Blanchard wa bwawa la Nzilo alimwachia pamoja na fimbo yake mwaka wa vita, 78, alipokimbia na sanduku moja. Tata ameiomba. Tangu ulipoondoka hajaenda tena kuvua hata siku moja. Niliikuta chini ya kitanda chake cha zamani, ndani ya sanduku la bati, na uzi wake juu, vilevile mlivyorudi nayo kutoka Nzilo ile Jumamosi ya mwisho. Hakuna aliyeisafisha. Imeganda, haizunguki hata ukiilazimisha, na pembeni imeota ukungu wa kijani.

Nilimpelekea. Akaishika mapajani kwa muda mrefu, akajaribu kuizungusha kwa kidole gumba, kisha akanirudishia.

"Hii haiko kazi yako," akasema. "Ni kazi ya Lucien."

Unajua kwamba hajalitaja jina lako tangu mwaka 2017.

Kwa hiyo niambie, inafunguliwa vipi? Anataka kwenda Nzilo mara moja kabla mvua hazijakaza.

Ni mimi mdogo wako,
Wivine


Mutshatsha, 1 Oktoba 2023

Wivine, mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Nakushukuru. Tuko wazima. Naomie anakusalimu sana, anauliza kama kweli unafanana na mimi. Jémima ana miaka minne, anaogopa treni lakini kila ikipita lazima aende kuitazama. Mimi nauza makala karibu na stesheni. Si maisha mabaya. Mvua ya kwanza imenyesha juzi na watu wameanza kulima.

Unisamehe mwandiko, naandikia magotini.

Simu ninaweza kupata, si hilo. Nikisikia sauti yako sitamaliza sentensi. Kwenye karatasi ninaweza kuacha, nikaenda kuuza mfuko mmoja, nikarudi. Uniache hivyo kwanza.

Sasa muline. Usiilazimishe. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho. Tandika kitambaa cheupe mezani, kisiwe cha rangi, maana ndani kuna vitu vidogo kama punje ya mtama, na kikianguka kimoja umeimaliza. Uondoe uzi wote kwanza, uukunje juu ya chupa tupu. Ule uzi si wa kawaida, una ganda juu yake. Usiupake mafuta ya taa, yatalila lile ganda. Uoshe kwa kitambaa na sabuni ya kufulia, halafu uuanike kivulini.

Ukimaliza uzi, iweke muline yenyewe ndani ya beseni la maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Si ya moto! Iache mpaka asubuhi. Katikati utaona kitufe. Kibonyeze, huku unaivuta juu ile bobini, yaani sehemu inayozunguka. Ikitoka, chukua mswaki laini, usugue kila pembe, hasa karibu na lile jino dogo la chuma. Hilo ndilo linalolia krrr samaki anapovuta. Kausha. Halafu mafuta ya cherehani, tone moja tu kwenye chuma cha katikati, na grisi kidogo kama kichwa cha sindano kwenye jino. Tata alikuwa anasema mafuta mengi ni uchafu mwingine. Miaka thelathini alitia mafuta mashine za bwawa la Nzilo, alijua kwa kusikiliza tu ipi ina kiu.

Ninapoandika haya nakumbuka zile nzi zake za bandia, manyoya ya jogoo na uzi mwekundu wa kushonea wa Mama. Watu walimcheka pale ziwani, mtu mzima anamdanganya samaki kwa manyoya. Kisha samaki mbenga anaruka na meno yake yote nje, na wale waliocheka wanatafuta mahali pa kutazama.

Kama atauliza, mwambie ulifundishwa na fundi wa cherehani. Usinitaje.

Lucien


Kolwezi, 20 Oktoba 2023

Moyo, yaya.

Barua yako ilinikuta shuleni, Hénock aliileta mpaka mlangoni mwa darasa na watoto wote wakasimama kumwamkia kama mkaguzi. Wasalimie mama Naomie, mwambie uso ni wako ila masikio namshukuru Mungu ni ya Mama. Elisée yuko kwenye zamu ya mchana, Shangazi Kabemba sasa anatafuna upande wa kushoto. Maji ya bomba yamekatika wiki ya pili.

Nilifanya kama ulivyosema. Kitambaa cheupe, maji ya vuguvugu, sabuni. Uzi niliukunja juu ya chupa ya soda. Kitufe kilibonyea, bobini ikapanda nusu, halafu ikakwama. Ndani nimeona skrubu ndogo ambayo kichwa chake kimeliwa, bisibisi inateleza tu. Nikaiweka bisibisi chini. Tata alikuwa ananitazama kutoka kitandani wakati wote. Siku hizi anapenda kulala mchana, ndiyo maana alikuwa kitandani.

Na hakudanganyika na fundi wa cherehani. Aliniuliza, "Ni Lucien njo alikuambia uanze na uzi?" Nikaendelea kukunja kitambaa. Akageuka upande wa ukuta, lakini niliona bega lake limetulia.

Kwa hiyo naituma kwako. Nimeifunga ndani ya kitambaa pamoja na uzi wake na kuitia kwenye kopo la maziwa. Wewe ndiye mwenye mikono ya kazi hii. Ukipenda kuituma, itume na Hénock. Ukipenda kuileta mwenyewe, treni iko, kamiyo iko, na chumba nitakufagilia. Nilipomwambia Tata kwamba imeondoka kuja kwako, alisema, "Umuambie asifanye mbio. Ile kitu haipendi mbio." Basi nakufikishia.

Jambo jingine. Mi ni mwalimu, nasahihisha madaftari sabini kila siku. Herufi zako zinalalia kushoto na zinapishana kama za watoto wanaoanza. Wewe ulikuwa na mwandiko ambao Mama aliwaonyesha wageni. Yaya, unakunywa?

Wivine


Mutshatsha, 19 Novemba 2023

Wivine, mdogo wangu,

Tunawasalimu. Naomie alishikwa na malaria, sasa anasimama, amerudi shambani kabla sijamruhusu. Jémima amejifunza kuandika jina lake na ameliandika kwa kaa kwenye mlango wa jirani. Mvua zinapiga kila siku, makala yanalowa, wateja wanalalamika kana kwamba mbingu ni yangu.

Muline imefika salama. Niliiweka mezani siku nne bila kulifungua kopo. Siku ya tano Jémima ndiye aliyelifungua, akaniuliza, "Tata, hii ni saa?" Nikamwambia ni kitu cha babu yako. Akauliza babu yuko wapi. Nikaenda kuuza makala.

Nitaitengeneza. Kuna fundi wa saa hapa, ana bisibisi nyembamba, angeweza kuitoa ile skrubu kwa nusu saa. Sitaki aiguse. Nimeazima kwake bisibisi tu. Kazi inakwenda polepole, lakini Tata mwenyewe amesema nisifanye mbio.

Sinywi, Wivine. Nisingependa udhani hivyo.

Unaniambia nije. Sikatai kwa sababu sitaki. Lile neno alilonitolea siku ile, nilipomwambia nimekwisha kujiandikisha na wachimbaji wa shimoni, unalikumbuka? Ulikuwa uani, unasonga bukari. Kama hukulisikia ni vizuri. Siwezi kusimama mbele yake sasa hivi, jinsi nilivyo. Niimalize kwanza kazi hii. Nikimrudishia kitu chake kinazunguka, nitapata pa kuanzia.

Lucien


Kolwezi, 10 Desemba 2023

Yaya Lucien,

Nakusalimu wewe na wa nyumbani kwako. Leo sina habari nyingi. Shule imemaliza mitihani. Mvua.

Irudishe muline hata kama haijakamilika. Au njoo nayo hivyohivyo. Tata anaiulizia. Kila asubuhi, kabla ya uji, anauliza, "Hénock amekuya?" Namjibu bado. Anasema, "Muzuri, asifanye mbio." Saa sita anauliza tena.

Siwezi kukuandikia zaidi, nimekatazwa. Wewe soma tu kwamba nimekuambia njoo, na kwamba mi si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Barua hii nitaipeleka leo hii kwa Hénock. Ananiambia barabara imeharibika na kwamba anangoja kipuri, lakini ataondoka wiki hii, Mungu akipenda.

Wivine


Mutshatsha, 12 Januari 2024

Wivine, mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Elisée, kwa Shangazi Kabemba, na kwa Tata. Kwa Tata zaidi.

Barua yako ya Desemba nimeipata juzi tu. Hénock alikwama wiki tatu. Nimeisoma na nimeelewa kwamba kuna kitu. Ila ungeniambia mapema, ungeniandikia neno moja tu, ningeituma muline ikiwa vipande. Sikulaumu. Mi pia nina langu.

Muline imekwisha, imo ndani ya kopo hili. Sasa nitakuambia kwa nini imechukua wiki nyingi hivi.

Sina mkono wa kulia. Haupo tangu Agosti 2018. Tulikuwa chini, jiwe likateleza kutoka ukutani, likaubana juu kidogo ya kiwiko. Wenzangu walinitoa hai, na madaktari walifanya walivyoweza. Naomie alikuwa anamuuguza kaka yake kitanda cha pili, ndivyo tulivyojuana. Nilipopona sikuweza kurudi Kolwezi. Tulipanda treni tukashuka mahali ambapo hakuna aliyemjua Tata Ntambwe. Mwandiko uliouona ni wa mkono wa kushoto. Niliuanza nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa hiyo si kosa lako kuufananisha na wa watoto.

Hénock anajua. Nilimwapisha.

Basi ndivyo nilivyoifanya. Nilitafuta ubao, nikautoboa matundu manne, nikaifunga muline juu yake kwa mkanda wa suruali ili isizunguke. Ubao niliubana kwa magoti. Skrubu ile iliyoliwa kichwa niliitilia tone la mafuta, nikangoja siku mbili. Halafu nikachukua kipande cha msumeno wa chuma, nikaikatia mfereji mpya juu ya kichwa chake, kidogo kidogo, maana ubao ukiponyoka unaikwaruza muline nzima. Siku sita nilikata. Naomie alisema, "Leta nikushikie." Nikamkatalia kwa ukali, na ninajuta, kwa sababu kama ningemwachia ashike tungemaliza kabla ya Noeli. Lakini nilitaka nimwambie Tata kwamba niliifanya mwenyewe.

Ilipotoka, chini yake nilikuta mchanga wa Nzilo. Mweupe, punje tisa au kumi. Na vumbi jekundu la Kolwezi lililoingia juu yake, na grisi ya zamani imekauka kama kipande cha sabuni kwenye lile jino dogo. Niliisugua kwa mswaki wa Jémima. Springi niliitoa kwa meno, nikaikausha, nikairudisha kwa meno. Uzi ulikuwa umepasuka ganda mwishoni, nimekata kama mita nane, uliobaki unatosha. Niliuanika siku tatu chini ya paa kwa sababu jua halikutoka. Tone moja kwenye chuma cha katikati. Grisi kama kichwa cha sindano.

Izungushe utasikia.

Mwandae Tata kidogo. Mwambie habari ya mkono wangu wewe, kwa maneno yako, usimfiche. Halafu tuma neno na Hénock, nami nitapanda treni inayofuata. Safari hii sitanii. Nimemwambia Naomie aoshe nguo.

Lucien


Kolwezi, 4 Februari 2024

Yaya Lucien,

Nimeianza barua hii mara tatu na nimezichana zote. Hénock atakuwa amekwisha kukuambia kabla hujaifungua, nimemruhusu. Tata ametuacha, tarehe 14 Januari, Jumapili, saa nne asubuhi, wakati watu walipokuwa kanisani. Mi nilibaki naye. Tulimzika Jumanne. Tulitangaza redioni siku mbili, kwa jina lako kabisa, "Lucien aliyeko Mutshatsha", lakini sijui kama redio yetu inafika huko. Hénock nilimpigia mpaka nikachoka. Kamiyo yake ilikuwa imevunjika ekseli njiani, mahali pasipo na mtandao, na kopo lako limo kabini. Alifika Jumatano tarehe 24. Aliposhuka na kuona viti vya msiba vimepangwa uani, aliketi chini kwenye matope, mtu mzima vile, akalia kwa sauti.

Alikuwa na haki ya kulia. Na mimi nilimwapisha, yaya. Tata alikuwa mgonjwa wa mapafu tangu Pasaka, ndiyo sababu tulimleta kwetu. Daktari alituambia mwezi wa nane kwamba haitachukua muda mrefu. Tata akanikataza. Alisema, "Usimuandikie kama niko mugonjwa. Atakuya juu ya huruma. Mi nataka akuye juu yake mwenyewe." Nikatii. Nilikuandikia kuhusu jino la Shangazi Kabemba na maji ya bomba, huku nikimgeuza Tata kitandani kila baada ya saa mbili. Hénock alikuwa anasafiri kati yetu na siri zote mbili, yako na yangu, na hakuivunja hata moja kwa sababu tulimwapisha kwa Mungu. Ninamwomba msamaha kila ninapomwona.

Nilipoisoma barua yako yenye habari ya mkono nilikuwa peke yangu jikoni. Nilifikiri: huyu alikuwa anashika springi kwa meno, na mi namuuliza kama anakunywa.

Lakini kuna neno ambalo ni lazima ulijue, ingawa litakuumiza. Tata alijua habari ya mkono wako.

Ijumaa kabla hajafa alinishika nguo nilipotaka kuondoka na beseni. Akasema, "Wivine, ile mwaka nilikuambia naenda ku Likasi, ku kilio ya mwenzangu wa kazi, nalikudanganya. Nalienda ku Mutshatsha."

Nilikaa kitandani. Akaendelea polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa inamwisha. Kuna muumini mmoja wa kanisa alikuwa amemwambia kwamba amemwona mtoto wake stesheni, anauza makala. Alipanda treni bila kumwambia mtu. "Nalimuona," akasema. "Alikuwa anabeba mufuko na mukono moja. Ingine haiko. Nalisimama ngambo ya reli. Nalingojea ageuke."

"Tata, juu ya nini haukumuita?"

"Ningemuambia nini?"

Kisha akanirudia lile neno. Ulisema ni vizuri kama sikulisikia. Nililisikia, yaya, siku ileile, sufuria ilikuwa mkononi. "Mikono yenye kuingia mu shimo isiguse tena kitu yangu. Afazali ikatike." Alilirudia lote, hakupunguza hata kidogo. Akasema, "Mudomo yangu njo imemukata. Naliogopa kumukaribia." Nikamwambia ni jiwe, Tata, mawe huanguka juu ya kila mtu kule chini. Alitikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini basi alisema muline ni kazi yako, kama alijua huna mkono. Alifumba macho. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Nalitaka ajue kama anaweza kuigusa."

Hilo ndilo la mwisho alilosema ambalo lilikuwa na maana. Jumamosi alikuwa anaongea Kiluba na watu wasiokuwepo.

Kama Ijumaa ile ningevunja amri ya Tata, kama ningemwambia Elisée achukue pikipiki mpaka Mutshatsha, labda ungemkuta. Nilifikiri bado kuna wiki. Sijui nilipata wapi hiyo wiki.

Muline niliitoa kwenye kopo mbele ya wote waliobaki kwenye msiba. Shangazi Kabemba alitaka tuizike pembeni ya msalaba. Nilikataa. Niliizungusha mara moja, ikalia, wanaume waliofanya kazi na Tata bwawani wakasogea karibu. Mmoja akasema, "Nani aliitengeneza?" Nikasema, "Lucien." Wakaipokezana mkononi mmoja mmoja.

Siku arobaini zinatimia mwisho wa mwezi huu. Hatutafanya kitu kikubwa. Sikuombi uje, maana mi nilikuwa na nafasi ya kukuita kwa wakati wake nikaitumia vibaya. Nakuambia tu kwamba siku ni Ijumaa tarehe 23, na kama hutawahi, nyumba haitafungwa.

Nisamehe.

Wivine


Mutshatsha, 25 Februari 2024

Wivine, mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, Jumamosi, siku moja baada ya arobaini. Hénock hakuthubutu kushuka kabini, alinipa kupitia dirishani akashika usukani kwa mikono miwili huku nasoma. Nilimwambia ashuke, tukala naye. Usimwombe tena msamaha. Anasema unamfanya ajione kama maiti.

Na mimi usiniombe. Kama tutaanza kuhesabu nani alificha nini, hatutafika popote. Wewe ulitii. Mi nilikuwa nataka kumaliza kazi bila kushikiwa.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Naomie. Nalisema kwako mara moja, baada ya hapo tuliache.

Siku ile ya stesheni nilimwona.

Ilikuwa Juni 2022, kiangazi, asubuhi ya baridi. Nilikuwa nimeupandisha mfuko begani na kugeuka nusu tu, na ng'ambo ya reli, chini ya paa la duka, kulikuwa na mzee mwenye koti la kahawia la kanisani. Nilimjua kabla sijauona uso wake, kwa jinsi alivyosimama na mikono nyuma, kama aliyesimama mbele ya mashine anaisikiliza. Niliutua mfuko. Nikaenda nyuma ya rundo la makala, nikakaa chini palepale.

Nilidhani amekuja kuhakikisha kama neno lake limetimia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, Wivine. Nilijiambia: akiniita, nitatoka. Nilikuwa nimekaa pale na masikio yamesimama, nangoja aseme jina langu. Wateja waliniita, sikujibu. Naye, unavyoniandikia, alikuwa anangoja nigeuke. Tulikaa hivyo kama saa nzima. Kati yetu ilikuwa reli tu, hata watoto wanairuka.

Treni ikapiga honi. Nilipochungulia alikuwa anapanda, anashika chuma cha mlango, mtu mmoja anamsaidia kwa nyuma. Hakutazama tena upande wetu.

Ilipokwisha kupita nilivuka mpaka pale aliposimama. Kulikuwa na benchi, na juu ya benchi karanga za kuchoma, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Hakuzifungua. Muuzaji wa dukani akaniambia, "Yule mzee alizinunua, akauliza kama mwenye makala ana watoto. Nikamwambia anaye mmoja, wa kike. Akaziacha hapa." Nikamuuliza kama alisema ni za nani. Akasema hapana, hakusema.

Nilizipeleka nyumbani. Nilimwambia Jémima nimemnunulia. Alizila zote amekaa mlangoni, moja moja, na maganda akayapanga kwenye mstari. Alipomaliza aliniuliza kama kesho nitanunua tena, nikamwambia ndiyo.

Tunapanda treni ya Alhamisi, sote watatu. Nitamwambia Jémima njiani zile karanga zilitoka kwa nani.

Lucien